Nimemaliza Red, White & Royal Blue: mama yake Henry nyinyi mlimuonaje?

Fundi_Mwembetanga
Asalaam aleikum. Nimekisomea kwenye simu, baina ya nguo moja ya harusi na nyengine. Wenye matusi wapite tu, nataka aliyekisoma.

Kwa wasiokijua: ni kitabu cha hadithi cha Casey McQuiston, 2019. Alex ni mtoto wa kiume wa rais wa Marekani, na rais mwenyewe mwanamke. Henry ni mjukuu wa malkia wa Uingereza. Hawapikiki chungu kimoja. Harusini wanazozana mpaka keki inawaangukia, wakubwa wanawaamuru wajifanye marafiki mbele ya kamera, na humo humo mapenzi yanaingia. Nilicheka hadi mteja akaniuliza kulikoni. Nikamwambia naona vichekesho.

Lakini zile barua pepe! Baadaye wanaanza kuambatisha vipande vya barua za mapenzi za watu wa kale. Mie mtu wa taarabu, nimezoea mapenzi yasemwe kwa fumbo, khanga imsemee mtu. Hawa wanaandika wazi, khasa Henry, aliyekuwa hata kucheka kwa shida. Halafu zinavujishwa, dunia nzima inasoma. Nikajihisi mwizi, maana na mie nilikuwa nazisoma.

Sasa, mama yake Henry. Tangu afiwe na mume kajifungia, watoto wanajilea. Mpaka malkia anamtaka Henry akanushe kila kitu, ndipo mama anainuka. Wengi wanamsifu. Mie kanikasirisha.

Mtu wa Chake
Waaleikum salaam dada. Umemuonea. Mume kaondoka na saratani. Eda ni miezi minne na siku kumi, huzuni haina hesabu hiyo. Kilichonikera mie ni Alex, kila mlango kwake uko wazi: mama rais, mawakili, walinzi. Na uchaguzi mama anashinda mpaka Texas, ngome ya wapinzani wake! Angekuwa mtoto wa muuza samaki Wete, hadithi ingekufa siku barua zilipovuja.

Baba Khamis
Dini yenu mnaijua, na bado mnasoma haya. Sisemi zaidi.

Fundi_Mwembetanga
Shikamoo mzee wangu. Nimekusikia. Nimesoma mie, simsomeshi mtu.

kijana_michenzani
Mie nimeona filamu tu, ile ya 2023. Barua kazivujisha mwandishi wa habari mwenye kinyongo na Alex. Kitabuni ndo hivyo hivyo?

Fundi_Mwembetanga
Wapi! Kitabuni ni kambi ya mpinzani wa mama yake kwenye uchaguzi. Mwenye kinyongo angalau moyo unamuuma. Hawa walikuwa wanatafuta kura. Tena filamu imemtoa June, dada yake Alex, na bila yeye Alex hana wa kumwambia kweli.

Mtu wa Chake, la eda nimelipokea. Lakini Bea, dada yake Henry, naye kafiwa na baba huyo huyo, kaingia kwenye madawa ya kulevya, katoka, na bado yeye ndiye wa kumshika Henry mkono. Mama alikuwa wapi? Hapo hunitoi.