Jezi za poliesta na fulana za pamba: timu ya mtaa ichague njia ipi ya kuchapa?

Mratibu wa Makorora

Ndugu zangu, habari za jioni. Mimi ni mratibu wa timu ya vijana hapa Makorora, Tanga, na kamati imenikabidhi kazi ya kutafuta jezi za mashindano ya mtaa pamoja na fulana za mashabiki. Jezi zinahitajika 24, nyekundu, zenye namba nyeupe mgongoni na jina la mchezaji juu yake, nembo ya timu kifuani, na jina la mfadhili wetu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, tumboni. Fulana za mashabiki ni 150, nyeusi, zenye maandishi ya rangi mbili tu.

Msimu uliopita tulinunua jezi nyekundu tupu kutoka Kariakoo, tukampa fundi mmoja abandike namba nyeupe kwa mashine ya joto. Siku tuliyokabidhiwa zilikuwa safi kabisa, lakini kabla hatujafika nusu fainali namba zilikuwa zimegeuka rangi ya waridi. Fundi alidai kwamba tumezifua pamoja na nguo zinazochuja rangi, ilhali mama anayetufulia ni mwangalifu sana na amekataa jambo hilo katakata. Vijana hawa hucheza kwa moyo, na wengine wanatamani siku moja kuvaa jezi ya Coastal Union pale Mkwakwani. Sipendi waingie tena uwanjani na namba zinazofanana na doa.

Ninaomba kufahamishwa chanzo cha tatizo lile, na njia ipi inatufaa safari hii. Wapo wanaoniambia sablimesheni, wengine vinili, wengine DTF. Tena, je, njia hiyo hiyo moja inaweza kutumika kwa jezi na kwa fulana?

Fundi wa Ngamiani

Mgosi, mama anayewafulia hana kosa lolote, na ni vizuri kamati ikamwambia hivyo.

Rangi ya poliesta huingizwa ndani ya uzi kiwandani kwa joto kali, na ikipata joto kali mara ya pili ina tabia ya kugeuka mvuke na kuhama. Fundi anapolaza namba nyeupe juu ya kitambaa chekundu na kuikandamiza kwa nyuzi joto 160 au zaidi, rangi iliyo chini ya namba huamka na kuanza kupenya ndani ya ile plastiki nyeupe, yaani vinili. Haimalizi safari yake pale mezani, bali huendelea polepole kwa siku na majuma, hasa jezi zikihifadhiwa mahali penye joto kama buti ya gari au begi lililoachwa juani, na ndiyo maana mlipokabidhiwa hamkuona dosari. Nyekundu na maruni ndizo sumbufu kuliko rangi nyingi. Chukueni moja ya jezi hizo, mtazame kama kuna mahali namba imepita juu ya mstari mweupe: hapo itakuwa imebaki nyeupe, na palipo na nyekundu chini yake itakuwa ya waridi. Maji ya kufulia yasingechagua namna hiyo.

Kwa hiyo swali la kwanza si mashine ipi, ni kitambaa gani, kwa sababu kitambaa ndicho kinachoamua njia. Kwa jezi 24 za poliesta zenye majina na namba tofauti tofauti, ushauri wangu ni sablimesheni juu ya kitambaa cheupe. Mchoro mzima, pamoja na wekundu wenyewe wa jezi, huchapwa kwanza kwenye karatasi maalumu. Karatasi hulazwa juu ya poliesta nyeupe na kukandamizwa kwa nyuzi joto zipatazo 200 kwa sekunde 45 hadi 60, na wino hugeuka mvuke ukaingia ndani ya uzi na kubaki humo. Mashine hizi hazina wino mweupe, hivyo namba nyeupe ni kitambaa chenyewe kilichoachwa bila kuguswa, na kwa kuwa chini yake hakuna nyekundu, hakuna cha kupanda. Ukipitisha kiganja mgongoni hutahisi tabaka lolote: vitundu vya kupitishia hewa vimebaki wazi, na hakuna kitu cha kubanduka au kupasuka. Tena kubadilisha jina na namba ya kila mchezaji hakuongezi gharama kubwa, maana ni kazi ya kompyuta tu.

Mkiamua kununua tena jezi nyekundu tupu, basi sisitizeni vinili yenye tabaka la kijivu au jeusi chini yake la kuzuia rangi isipande, na inayoshika kwa joto la chini, karibu na nyuzi 130. Ni ghali kuliko vinili ya kawaida, na fundi asiyeijua atawaambia zote ni sawa. Si sawa.

Jambo moja linalotuhusu sisi watu wa pwani: karatasi ya sablimesheni hufyonza unyevu, na hewa ya Tanga unyevu wake mnaufahamu. Karatasi yenye unyevu ikikandamizwa, mvuke wa maji hutawanya wino, na kinachobaki ni madoadoa na kingo zilizofifia. Kabla ya kulipa malipo ya awali, ulizeni fundi anahifadhi wapi karatasi zake, na kama hukikandamiza kitambaa kitupu kwa sekunde chache ili kukausha kabla ya kuchapa.

Fulana za pamba haziwezi kuchapwa kwa njia hii. Wino wa sablimesheni haushiki pamba. Ukifuliwa mara chache unaondoka. Isitoshe, fulana zenu ni nyeusi, na wino huo unapenyeza mwanga, hivyo juu ya nyeusi hauonekani.

Mshonaji, Chumbageni

Ninakubaliana na fundi, ila kuna jambo amelipita haraka ambalo kwetu sisi washonaji ndilo lenye kazi. Sablimesheni nzuri hufanywa juu ya vipande vilivyokatwa, mbele, nyuma na mikono, kisha ndipo vishonwe. Jezi iliyokwisha kushonwa ikilazwa kwenye presi, kitambaa hujikunja kwapani na kando ya mishono, na mvuke haufiki ndani ya mikunjo. Ukiinua mkono unaona michirizi myeupe. Kaka mratibu, ukiletewa sampuli, usiitazame ikiwa imelala mezani. Mvalishe kijana, mwambie ainue mikono yote miwili kama anayerusha mpira, kisha tazama kwapa na mabega.

Kitambaa chenyewe kisiwe kizito. Poliesta ya gramu 130 hadi 160 kwa mita ya mraba inatosha kwa joto letu. Chini ya hapo nyeupe inaonyesha mwili, na juu ya hapo mchezaji anabeba mzigo. Wako wanaodhani pamba ni baridi zaidi, na ni kweli ukiwa umeketi barazani, lakini pamba hunywa jasho na kubaki nalo, wakati poliesta hainywi maji kwa kiasi cha kuhesabika: jasho husambaa juu ya uzi na kukauka upesi. Mbavuni mnaweza kuomba kitambaa cha matundu, mradi nacho kiwe poliesta nyeupe na kichapwe pamoja na vipande vingine.

Agizeni mapema jezi mbili tatu za akiba, zenye rangi kamili lakini bila namba. Nyekundu iliyochapwa leo na nyekundu itakayochapwa baada ya miezi mitatu hazitalingana, kwa sababu joto, karatasi na wino vyote hubadili rangi kidogo. Halafu, katika hizo 24, za makipa ni ngapi? Sheria za soka zinataka kipa avae rangi inayomtofautisha na wachezaji wengine na waamuzi, kwa hiyo haziwezi kuwa nyekundu zote.

Mchapaji, Barabara ya Nane

Nijibu upande wa fulana. Kwa fulana 150 za rangi mbili sioni njia nyingine ya kushindana na skrini, yaani kusukuma wino kupitia wavu uliowambwa kwenye fremu. Kila rangi ina fremu yake, na gharama kubwa iko katika kutengeneza fremu. Zikishakuwa tayari, fulana ya kwanza na ya 150 zinatumia jasho lile lile, na gharama ya fremu inagawanyika kwa zote. Kwa fulana tano ningekushauri vingine.

Kwa kuwa kitambaa ni cheusi, wino uwe plastisoli, yaani wino wa plastiki unaoiva kwa joto, na rangi itanguliwe na tabaka jeupe lililokaushwa kidogo kwa joto, la sivyo njano itaonekana kama haradali iliyochakaa. Wino wa maji ni laini zaidi mwilini na ninaupenda sana kwenye fulana nyeupe, lakini juu ya nyeusi unazama.

Sasa lipo jambo ambalo linaharibu kazi nyingi hapa mjini. Plastisoli haikauki kwa hewa wala kwa jua, hata la Januari. Ni lazima wino wote, kuanzia juu hadi pale unapogusa uzi, ufikie nyuzi joto zipatazo 160. Fulana iliyoanikwa juani au kupigwa joto kwa haraka hukauka juu tu, ukiigusa unadhani iko tayari, na baada ya kufuliwa mara ya pili au ya tatu maandishi yanapasuka kama tope la bwawa lililokauka. Kipimo ni rahisi: shika maandishi kwa vidole vya mikono yote miwili, vuta kitambaa kwa nguvu kisha uachie. Wino ulioiva hunyooka na kurudi. Usioiva hupasuka hapo hapo mbele yako. Fanya kipimo hicho kwenye fulana mbili tatu za katikati ya rundo, kwa sababu ile ya juu ndiyo fundi aliyoiandaa kwa macho yako.

Nunueni fulana za pamba za gramu 160 hadi 180, na muulize muuzaji kama kitambaa kimekwisha kurudishwa, yaani kusinyazwa makusudi, kiwandani, kwani pamba isiyorudishwa hupungua ikifuliwa, na maandishi hujikunja pamoja nayo.

Kijana wa Sahare

Wakubwa zangu, shikamooni. Naomba kuitetea DTF kidogo, kwa sababu naona imeachwa pembeni. Mchoro huchapwa kwenye filamu, ukanyunyiziwa unga wa gundi, ukayeyushwa, kisha ukakandamizwa kwenye nguo kwa sekunde 10 hadi 15. Unashika pamba, poliesta na mchanganyiko, nyeupe kwa nyeusi, na nembo yenye rangi nyingi hutoka na vivuli vyake vyote bila kutengeneza fremu sita. Ikiwa kamati itahitaji fulana chache za viongozi zenye nembo kamili ya timu, hakuna njia nyepesi zaidi.

Fundi wa Ngamiani

Marahaba, kijana. Kwa nembo ndogo ya kifuani nakuunga mkono bila kusita. Tatizo ni pale mtu anapochapa jina la mfadhili kutoka ubavu hadi ubavu, kwa sababu DTF ni ngozi ya plastiki juu ya kitambaa na hewa haipiti. Mchezaji wa kiungo atalowa tumbo lote kabla ya mapumziko. Na juu ya poliesta nyekundu, nyeupe ya DTF hupandwa na rangi vile vile kama vinili isiyo na kizuizi. Ule unga wa gundi nao uhifadhiwe kwenye chombo kilichofungwa, kwa maana ukivuta unyevu unaganda na kushika mahali pasipotakiwa.

Mratibu wa Makorora

Nawashukuru sana. Nimezitoa jezi za zamani kwenye kabati la timu, na moja ina mstari mwembamba mweupe ubavuni ambao ncha ya namba imeugusa. Ni kama fundi alivyosema: ncha ile ni nyeupe, sehemu nyingine yote ni ya waridi. Mama nimekwisha kumwomba radhi kwa niaba ya kamati.

Nina swali moja tena. Nimeonyeshwa fulana nyeusi zenye lebo ya pamba asilimia 100, kwa bei iliyo chini sana kuliko nyingine. Nitajuaje kuwa ni pamba kweli?

Mchapaji, Barabara ya Nane

Lebo isikutoshe, nunua moja ukaijaribu. Chomoa nyuzi chache kwenye upindo wa ndani, zisokote pamoja, uzishike kwa koleo na kuzichoma juu ya sahani, mbali na nguo nyingine. Pamba huwaka kwa haraka, hunuka karatasi iliyoungua, na majivu yake ni laini, ukiyagusa yanapeperuka. Poliesta hujikunja ikiukimbia moto, huyeyuka, hutoa moshi mweusi na kuacha kidonge kigumu kisichovunjika kwa vidole. Usikiguse kikiwa cha moto. Ukipata vyote viwili, majivu na vidonge vidogo ndani yake, huo ni mchanganyiko. Mchanganyiko hauna ubaya kwa kuvaa, lakini nijulishwe mapema, kwa sababu nitatumia wino unaoiva kwa joto la chini na wenye kizuizi, la sivyo nyeupe yenu itageuka kijivu kama namba zilivyogeuka waridi.

Mshonaji, Chumbageni

Kaka, niongeze mawili. Kanuni za vifaa za FIFA zinataka namba ya mgongoni iwe na kimo cha sentimita 25 hadi 35. Mashindano ya mtaa hayawalazimishi, lakini ni kipimo kizuri, kwa kuwa mwamuzi anaisoma akiwa mbali. Nembo na maandishi mpeni mchoraji awape faili linaloweza kukuzwa bila kupoteza kingo, kwa sababu picha iliyopita mikononi mwa watu kwa simu ikikuzwa hadi sentimita 30 inatoka na vidato.

La pili ni kwa mama anayewafulia. Fulana za skrini zigeuzwe ndani nje, zifuliwe kwa maji ya baridi bila dawa ya kung'arishia, zianikwe kivulini, na pasi isipite juu ya maandishi. Jezi za sablimesheni hazina masharti mengi, ila zisikae na jasho ndani ya begi usiku kucha, maana poliesta hushika harufu, na pasi ya moto wa pamba inaweza kuzing'arisha vibaya au kuziyeyusha.