Nataka gitaa la semiholo, la kwangu la kwanza. Naombeni ushauri kabla sijatoa hela

Nyuzi_Sita

Habari za jioni wakuu,

Mimi ni mpiga solo, Jumapili niko kanisani na Ijumaa na Jumamosi niko na bendi yetu ya dansi huku Temeke, tunapiga zilipendwa, vibao vya kina Sikinde na Msondo kwa wazee wanaokuja kucheza na wake zao. Miaka sita yote natumia gitaa la bendi, la ubao mzima lisilo na uwazi ndani, na shoo ikiisha linarudi stoo. Nimejichanga tangu mwaka juzi, sasa nina milioni moja na laki tatu taslimu na nataka nishike la kwangu.

Moyo uko kwenye semiholo, yale mapana yenye matundu mawili ya herufi f kifuani. Mwezi uliopita jamaa alikuja nalo mazoezini akaniachia dakika kumi, hata waya sijachomeka, nikapiga tu huku nimelikumbatia nikasikia mbao inatetemeka mpaka mbavuni. Tangu siku ile sijatulia.

Sasa yanayonitia wasiwasi. Kariakoo kuna duka nimeliona moja la laki nane na nusu, jina lake silijui, muuzaji anaapa ni semiholo. Mtandaoni kuna mtu anauza Gibson ES-335 anasema haijatumika, milioni moja na laki mbili. Alafu wenzangu wananitisha kwamba magitaa ya matundu yanapiga mluzi ukiwa karibu na spika, na jukwaa letu ni dogo mno, nasimama kama mita moja na nusu tu kutoka kwenye ampu. Tena naishi Kigamboni, upepo wa bahari unakula bati, vitasa, mpaka waya za antena. Niufuate moyo au nibaki na ubao mzima?

MzeeWaRidhimu

Mdogo wangu hongera, kujichanga miaka miwili kwa ajili ya chombo sio kitu kidogo.

Kwanza hiyo Gibson achana nayo leo hii hii. ES-335 mpya ya kweli huko Marekani ni zaidi ya dola 3,000, piga hesabu mwenyewe nani akuuzie kwa laki kumi na mbili. Kama bado roho inakuuma mwambie akutumie picha ya kichwa cha gitaa kwa karibu, pale kwenye kile kiplastiki kinachofunika trasrodi, ile nondo ya chuma ya kunyoosha shingo. Gibson wanakifunga kwa skrubu mbili na feki nyingi utakuta tatu. Ukiona mbili bado sio uthibitisho maana wanaoghushi nao wanajifunza, ila ukiona tatu usirudi tena.

Sasa mluzi. Gitaa la umeme la tumbo tupu, sauti ya spika inagonga kifua chake, kifua kinatikisa nyuzi, pikapu, ile sumaku iliyo chini ya nyuzi, inachukua mtikisiko inaurudisha kwenye ampu, ampu inautoa kwenye spika, unazunguka hivyo hivyo mpaka linalia lenyewe hujaligusa. Ndo maana Gibson mwaka 1958 walivyotoa ES-335 wakaweka gogo la mbao katikati, kutoka kwenye shingo mpaka kitakoni, pikapu na briji, pale nyuzi zinapoegemea kifuani, vyote vimekaa juu ya gogo na yale mabawa mawili ya pembeni ndo matupu. Nusu ubao nusu tumbo. Kwahiyo wenzako wanachokisema ni kweli kabisa kwa tumbo tupu, kwa semiholo ni kweli nusu, na hata hiyo nusu usiipuuze kwenye jukwaa dogo. B.B. King mwenyewe, yule mpiga blues wa Marekani, ambaye alikuja na Lucille, ndo jina la gitaa lake, mpaka Kinshasa mwaka 1974 kwenye lile tamasha la pambano la Ali na Foreman, alipotengenezewa Lucille na Gibson mwaka 1980 ile modeli ilitoka bila matundu ya f kabisa, kwa sababu hiyo hiyo ya mluzi.

Mimi nimepiga ridhimu na semiholo miaka zaidi ya ishirini kwenye kumbi za hapa Dar, tena nyingine ukuta na dari ni bati tupu. Usisimame kifua cha gitaa kikitazama ampu, kaa upande. Punguza besi kwenye ampu kabla ya kitu chochote, watu wengi wanakimbilia kupunguza sauti yote wakati kinacholia ni besi. Nyimbo ikiisha funga volyumu ya gitaa kwa kidole kidogo, iwe mazoea kama kufunga mlango. Na ikishindikana kata sponji la godoro uzibe matundu kwa ndani, halionekani na halidhuru kitu.

Wakati watu wanacheza, solo mbili zinaongea na wewe uko katikati na semiholo yako unakata ile ridhimu, ile sauti ya mbao inayotoka siwezi kukuelezea, utaisikia.

FundiNyuzi

Nimetengeneza haya magitaa muda mrefu kwahiyo niongelee upande wangu.

La Kariakoo usimwamini muuzaji, na sisemi ni mwongo, wengi hawajui wanachouza. Washa tochi ya simu, chungulia tundu la f upande wa juu alafu la chini. Kama ni semiholo utaona ukuta wa mbao umesimama katikati, tochi haipiti. Ukiona mwanga unatokea tundu la pili hilo ni tumbo tupu hata kama nje linafanana kila kitu. Hata kwa majina makubwa watu wanachanganya, Epiphone Casino ukiiweka pembeni ya ES-335 mtu asiyejua ataona ni mapacha na Casino ndani haina gogo hata kidogo. Kwa Ibanez hizi za Artcore angalia herufi, AS ni semi, AF ni tumbo tupu.

Ukishamaliza tochi angalia shingo. Bonyeza uzi wa sita, ule mnene, kwenye freti (vile vyuma vya shingoni) ya kwanza na ile ya mwisho kwa wakati mmoja, kati kati hapo pabaki kinafasi kidogo sana, kama unene wa karatasi ngumu ya kadi. Kikiwa kikubwa inarekebishika kwa trasrodi, ila muombe muuzaji azungushe kidogo ukiwepo, nati isiyozunguka ni msiba. Piga kila uzi kila freti, taratibu, usione aibu dukani hela ni yako. Na ulichomeke kwenye ampu, zungusha nobu zote za volyumu na toni, tikisa waya pale kwenye jeki, tundu unapochomeka, usikilize kama linakoroma.

Kitu ambacho hakuna muuzaji atakwambia ni hiki, ubao mzima una kifuniko nyuma unafungua skrubu nne unaona waya zote, ila semiholo nyingi hazina kifuniko. Kila kitu, potensiometa (kile kifaa kilicho chini ya nobu), swichi, jeki, viliingia kupitia lile tundu la f na vitatoka kupitia hapo hapo. Nikibadilisha potensiometa moja nafunga uzi kwenye shina lake kabla sijalisukuma ndani, alafu ndo nauvuta uzi ulirudishe kwenye kitundu chake, kazi ya dakika kumi inakua ya masaa mawili. Kwahiyo nakuomba, jeki ikilegea USIIZUNGUSHE kwa mkono ukadhani unaikaza. Nati inazunguka, jeki nayo inazunguka huko ndani, waya zinajisokota zinakatika, ndo magonjwa yote ninayoletewa. Ishike jeki isizunguke ndo ukaze nati, au lete.

Kigamboni sasa. Habari njema ni kwamba kifua cha haya magitaa mengi ni mbao za kubandikwa tabaka kwa tabaka, kama plaiwudi, sio mbao moja nzima, na hizo zinavumilia unyevu wetu vizuri kuliko gitaa la kavu la mbao nzima. Kinachoteseka ni chuma. Futa nyuzi na kitambaa kikavu kila ukimaliza, chini ya nyuzi pia, na briji. Weka vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu, kwenye kesi. Na gitaa lisilale kwenye buti la gari mchana, nimeshaona briji imeachia gundi kwa joto la buti, ilikua gitaa la kavu ila gundi ni gundi.

Dada_Solo

Kaka mimi nina Ibanez AS73 mwaka wa nne sasa, napiga nalo kwaya na harusi, nalipenda sana, ila ngoja nikupinge kidogo maana umesema unapiga SOLO na Mzee hapo juu anaongelea ridhimu.

Semiholo karibu zote zina hambaka, yaani pikapu ya koili mbili. Uzuri wake ni ule mvumo wa umeme haupo, na kumbi zetu nyingi umeme hauna hata waya wa ardhini, pikapu ya koili moja inavuma mmmmm wimbo mzima. Lakini hambaka ni nene. Solo ya dansi inatakiwa ing'ae, ipite juu ya tarumbeta na tumba, na kwenye sebene ndo kabisa. Mara ya kwanza nilivyolipeleka kwenye harusi nilipotea, naona vidole vinaenda sijisikii. Nilikuja kujua dawa baadae, swichi ikae pikapu ya nyuma au katikati, pikapu ya mbele iache kwa nyimbo za taratibu, volyumu ya gitaa ishushe mpaka saba hivi, besi ya ampu chini, alafu nyuzi nyembamba, za kumi sio za kumi na moja. Hapo linakata vizuri.

Kwa upande wa vidole halina shida, shingo ya ES-335 na jamaa zake inaungana na kiwiliwili kwenye freti ya 19 kwahiyo juu kule unafika kirahisi. Ila ni pana, inchi 16, kama unapanda daladala na kesi ngumu kaa ukijua utagombana na konda, mimi natumia begi nene la mgongoni.

Na usikubali wazo la kubaki na ubao mzima kwa kutishwa tu. Nenda na ampu unayotumia, au nenda duka lenye ampu inayofanana, piga vile vibao unavyopiga Ijumaa, sio kupiga kodi mbili tatu za kujifurahisha.

Mgeni_wa_Bandari

Naongezea la kuagiza maana naona mtu atakushauri uagize. Mimi niliagiza. Kosa langu nilihesabu bei ya gitaa na nauli tu. Ukifika forodhani kuna ushuru, alafu VAT asilimia 18, na hiyo asilimia inapigwa juu ya bei + nauli + bima + ushuru wenyewe, sio juu ya bei ya gitaa peke yake. Bado wakala wa kutoa mzigo. Nililipa karibu nusu ya bei juu yake. Kwa milioni na laki tatu kuagiza jipya la jina itakubana sana, labda upate mtu anayekuja na ndege alibebe, na bado anatakiwa alitolee taarifa uwanjani. Mwambie alegeze nyuzi kidogo na kichwa cha gitaa akizungushie nguo, vingi vinavunjika hapo shingoni.

Nyuzi_Sita

Wakuu nimerudi, siku tano sasa. Asanteni sana sana.

Wa mtandaoni nilimuomba picha ya kile kiplastiki, skrubu tatu. Nikamuuliza, akanibloku.

Kariakoo nilienda na dada mmoja wa kwaya yetu anishikie tochi. Lile la laki nane na nusu mwanga umetokea upande wa pili, tumbo tupu! Muuzaji mwenyewe alishangaa akachungulia na yeye. Nikakaribia kuondoka akasema ngoja, akatoa lingine nyuma, Artcore la herufi AS, limetumika, lina mkwaruzo mgongoni, tochi ikagonga mbao. Nikalichomeka kwenye ampu yao ndogo nikafanya kama Dada_Solo alivyosema, pikapu ya nyuma, volyumu saba, nikapiga zile solo za Ijumaa moja baada ya nyingine mpaka vijana wa duka la pembeni wakaja kusimama mlangoni. Nikasogea karibu kabisa na spika, likaanza kuguna, nikageuka upande likanyamaza. Milioni moja na elfu themanini tumemalizana na begi.

Liko hapa kitandani pembeni yangu naandika. Tatizo moja tu, nobu ya toni ya pikapu ya mbele inakwaruza ukizungusha, na uzi wa kwanza unagonga freti ya 14. FundiNyuzi nakuletea lini?

FundiNyuzi

Hongera, umenunua vizuri. Kukwaruza inaweza kua vumbi tu, nitapulizia dawa kwanza kabla ya kufikiria kulitoa kwenye tundu. Hiyo freti ya 14 nitaiangalia pamoja na shingo, usizungushe trasrodi mwenyewe. Nakutumia inboksi mahali nilipo, njoo Jumatano asubuhi na seti mpya ya nyuzi za kumi, Ijumaa utapiga nalo.

MzeeWaRidhimu

Ijumaa mko ukumbi gani? Nakuja na mke wangu.