DCS World: nianze na za bure au nijichange ninunue Hornet?

Kinyozi_Mrukaji: Wakuu, salama? Nina saluni ya kiume, wateja wakikatika mchana narusha ndege. DCS, lile gemu la kurusha ndege za kivita kwenye kompyuta, nimeishusha kwa bando la usiku, siku nne. Nimekuta ndege mbili, Su-25T na TF-51D, ile Mustang ya mazoezi. Su-25T nimeshaichoka, swichi zake hazibonyezeki, kila kitu kibodi. Roho yangu iko kwa Hornet, yaani F/A-18C. Nikiinunua, nitadaiwa na ramani tena?

MtuWaKhasab: Umeichoka, au Vikhr, yale makombora yake, hujazipatia? Mimi miezi miwili nilikuwa nafyatua halafu nageuza nikimbie, kombora linapotelea porini. Kumbe linafuata mwali wa leza, ukigeuka mapema umelikata kamba. Siku hizi natulia, macho kwenye kile kiskrini cha juu kulia, kifaru kikiwaka ndiyo nakwepa.

Mustang watu wanaidharau kwa sababu haina hata risasi moja. Lakini kwenye za bure ndiyo hiyo tu unayobonyeza kila swichi kwa mausi, kuanzia pampu ya mafuta mpaka stata. Siku ya kwanza, pale uwanja wa Batumi kwenye ramani ya Kaukazi, ilinivuta kushoto nikaishia majanini. Vuta fimbo tumboni ili gurudumu la mkia lijifunge, kanyaga pedali ya kulia, moto ongeza taratibu.

Hornet usiitolee hela leo. Ukishusha gemu kutoka tovuti yao wenyewe, siyo duka la Steam, ndege nyingi unapewa siku 14 za kujaribu bure. Baada ya miezi 6 unaweza kurudia. Ramani hudaiwi: Kaukazi unayo, Marianas nayo ni bure. Hata manowari ya kutua ndege ipo, Stennis. Supercarrier, yenye watu wa deki wanaokuongoza kwa mikono, hiyo ndiyo ya kulipia.

fundi_wa_PC: Nyongeza tu. Usije ukashawishika na Flaming Cliffs, kifurushi cha ndege cha kulipia, kwa kuwa ina F-15C, Su-27 na MiG-29 kwa mpigo. Tamu sana, ila swichi ni hadithi ileile ya Su-25T.

Kinyozi_Mrukaji: Nashukuru wakuu. Na ramani ya Persian Gulf? Naona kuna seva za kucheza na wenzako wanaitumia.

MtuWaKhasab: Usipokuwa nayo, seva hiyo huingii. Mimi niliinunua kwa ujinga wangu mwenyewe. Nilifanya kazi Khasab, kule Omani, miaka mitatu, nikataka kupaona kutoka juu. Uwanja upo, na ile milima ya mawe imeubana vilevile. Nyumba niliyopanga sikuiona. Nimezunguka mara tatu kuitafuta mpaka mafuta yakaniishia, nikaangukia baharini.

Kinyozi_Mrukaji: 😂 Pole mkuu. Basi leo Mustang. Hornet nitaijaribu baada ya sikukuu, saluni ikiwa imepoa, maana siku 14 zenyewe zisije zikaishia kwenye vichwa vya watu.