Nina dola 12,000, nataka gari la misuli (yale ya injini yenye nguvu) la Kimarekani la zamani. Nianzie wapi nisije nikajuta?

mtoto_wa_gereji

Wakuu salama? Niko Columbus, Ohio, huu mwaka wa sita, kwetu Tanga. Pale gereji kwa mjomba kulikua na kalenda ukutani ina picha ya Ford Mustang nyekundu, ilikaa pale mpaka ikapauka, na mi kila nikitumwa spana lazima nisimame niiangalie kwanza. Sasa nimejibana miaka mitatu nina dola 12,000 taslimu, mkopo sitaki, mke kakubali, na ya kuendea kazini ninayo, Corolla, kwa hiyo hii ni ya wikendi tu.

Mpaka sasa nimeona mbili. Ya kwanza Mustang ya 1966 milango miwili, silinda sita, mwenyewe anataka 11,500, imepakwa rangi mwaka jana inang'aa mpaka unajiona. Ya pili Chevrolet Chevelle ya 1970 ina alama za SS (toleo lake kali), V8 yaani silinda nane, anataka 9,000 ila haitembei, iko ghalani na injini imeshushwa iko pembeni, jamaa anasema kila kitu kipo. Moyo unataka V8 kusema ukweli. Ufundi najua kiasi, kuchomelea sijui kabisa. Naombeni ushauri wenu.

fundi_bodi

Mdogo wangu, cha kwanza hiyo hela usiimalize kwenye gari. Una 12,000, gari iishie 8,500 au 9,000 hivi, inayobaki itaondoka kwenye matairi, breki, radieta na mipira ya mafuta hata kama umeambiwa iko poa, maana petroli ya sa hivi ina ethanoli (pombe inayochanganywa humo) na mipira ya zamani inaliwa nayo.

Nafanya bodi hapa hapa Ohio mwaka wa 19 huu. Watu wanaoniletea magari haya huku wanalia wengi hawajalizwa na injini, wamelizwa na bati. Injini unashusha unafungua unafunga, spea za Ford na Chevrolet ziko kila kona. Bati likioza inabidi kukata na kuchomelea, wanakutoza kwa saa, alafu ukikata hapa unakuta pale pameoza zaidi. Huku baridi ikiingia wanamwaga chumvi barabarani na chumvi inapanda chini ya gari inakaa humo.

Hiyo Mustang nenda nayo hivi. Chukua sumaku ya friji uifunge kitambaa isikwaruze, ipitishe nyuma ya matairi ya nyuma, chini ya milango, kona za chini za fenda. Ikishika ni bati, ikidondoka hapo kuna puti, ile ya kuzibia bodi. Rangi mpya kwenye gari la kuuzwa inanitia wasiwasi kuliko rangi mbovu, mbovu haifichi kitu. Alafu kuna tundu za hewa pale chini ya kioo cha mbele, ndani yake kuna mfereji wa bati, majani yanajaa humo maji yanasimama miaka na miaka linaoza taratibu na mvua inaanza kudondokea miguuni. Muombe mwenyewe umwagie jagi moja la maji pale polepole huku mwenzio anamulika tochi chini ya dashibodi. Yakidondoka jua kwamba kuitengeneza inabidi kung'oa boneti na fenda zote mbili na kutoboa alama za weldi moja moja. Akikukatalia maji, shukuru uondoke.

Na namba ya chesisi (sio ya usajili) soma alama ya tano, ni herufi. T ni sixi, yaani silinda sita, ya inchi za ujazo 200, C na A ni V8 ya 289, K ni ile 289 kali kuliko zote. Za 1965 na 1966 sixi zina nati nne kila tairi, V8 zina tano. Ukiambiwa ilizaliwa V8 alafu namba ina T, hapo jua injini imekuja baadae, na bei ishuke.

nakuru_minneapolis

Hiyo Chevelle achana nayo ndugu yangu, nakuomba. Mimi nilinunua ya hivo hivo miaka minne iliyopita, nikaambiwa hivo hivo kila kitu kipo, nikabebeshwa maboksi kumi na moja na mikebe ya kahawa imejaa nati ambazo hakuna aliyejua ni za wapi. Nilifungua mlango mmoja nikakuta bawaba imechomelewa kwa bodi. Miaka miwili gereji haikuwa na nafasi ya kuweka hata baiskeli za watoto, mwishowe nikauza kwa hasara na iliniuma sana kwa sababu nililipenda lile gari kweli.

Na tena mwaka wa 1970 SS ilikuwa kifurushi cha nyongeza tu, namba ya chesisi haikwambii kama ni SS. Ikianza na 136 ilizaliwa V8, ikianza na 135 ilizaliwa sixi, mengine ni maneno mpaka uone karatasi ya kiwandani, na wengine huipata imelala juu ya tangi la mafuta. Alama za SS zinauzwa mtandaoni mtu yeyote anabandika.

mama_wa_duster

Kaka mi nakushauri toka kwenye majina makubwa. Kila mtu anataka Mustang na Charger na Camaro ndio maana bei iko huko juu. Mi ninayo Plymouth Duster ya 1973, sixi ya 225 ile iliyolala upande, nilinunua Arizona 7,800 na kuisafirisha mpaka huku nikalipa 1,350. Jua la kule limepasua dashibodi na viti vimechanika vibaya, ila chini kavu, ukigonga na kidole inalia kama debe jipya. Viti nimeshonesha, dashibodi nimeweka kifuniko, bati sijagusa. Angalia pia Dodge Dart, Chevrolet Nova, na Ford Maverick. Ukitaka V8 baadae utaweka, mwili ukiwa mzima una muda wa kujipanga.

Na bima chukua ile ya magari ya zamani ambayo mnakubaliana thamani mapema, ya kawaida gari likigongwa watakulipa kama chuma chakavu.

dereva_wa_semi

Naongezea breki. Mustang mpaka 1966 masta silinda (pampu ya breki) ina chumba kimoja, bomba moja likipasuka pedali inaenda chini na breki zote nne zimeisha hapo hapo. Kuanzia 1967 ni vyumba viwili. Kama unanunua 66 badilisha hiyo kabla hujampandisha mtoto, na mikanda yake ni ya kiunoni tu nayo uiangalie.

mtoto_wa_gereji

Wakuu nimerudi. Jumamosi nimeenda na shemeji, sumaku kwenye fenda za mbele imeshika vizuri, nyuma ya tairi la nyuma la kushoto imeteleza ikadondoka, nikarudia mara tatu. Maji yule mzee hakukataa, tumemwaga nusu jagi tu yakatokea juu ya pedali ya klachi yakatiririka kwenye kapeti jipya. Hata yeye alishtuka, nadhani kweli hakujua. Nilikaa kwenye kiti cha dereva kama dakika tano nimeshika usukani, kisha nikamshukuru nikaondoka. Imeniuma jamani.

Sasa nimefuata maneno ya mama, kuna Maverick ya 1972 iko New Mexico, V8 ya 302, anataka 8,700, rangi imepauka na bampa la mbele halipo. Mnaonaje?

fundi_bodi

Umefanya vizuri sana mdogo wangu. Maverick ni gari zuri, injini yake spea tele, ila vitu vya nje hawatengenezi vingi kama vya Mustang, bampa utalitafuta kwa watu wanaokata magari mabovu na linaweza kukuchelewesha. Ulizia kama analo pembeni. Lipa fundi wa kule aliweke kwenye lifti, akupigie picha za chini kuanzia mbele hadi chini ya buti, na tundu za hewa mwambie amwage maji vile vile. Picha zikifika zitume hapa, mi Jumapili jioni niko nyumbani tutazipitia moja moja.