Tupeane uzoefu: Krismasi ya ugenini, mgeni ajiandae vipi?

Watu wa Mombasa, wengi wetu husafiri mwezi wa Desemba, kwa kazi, masomo au kutembelea jamaa. Huku tumezoea tarehe 25, misa, pilau, na jioni watoto wafuoni. Kwingine siku si ile, saa si ile, na chakula si kile. Anayeijua vizuri desturi ya nchi moja aieleze: huwa lini, hufanywaje, na mgeni hukwama wapi.

Wa Tudor

Naanza na Ethiopia kwa kuwa ni jirani. Krismasi yao, Genna, huwa tarehe 7 Januari. Tarehe 25 Desemba Waorthodoksi wa huko wamo katikati ya mfungo wa siku 43: hawali nyama, mayai wala maziwa. Agiza beyaynetu, injera moja pana (mkate wao mwembamba kama chapati) iliyopangwa dengu, mboga na shiro, mchuzi mzito wa unga wa jamii ya kunde. Msimu huo hupikwa kila mahali, na hupikwa vizuri.

Saa haitakusumbua, maana Waethiopia huhesabu kama sisi: jua likishatoka, ni saa moja. Mtego uko kwenye tiketi ya ndege, inayofuata saa za kimataifa, na kwenye kalenda yao ya miezi 13, ambayo iko nyuma ya hii yetu kwa miaka 7 au 8. Ukipewa miadi, uliza tarehe ni ya kalenda ipi.

Wengi hutaka kufika Lalibela, kwenye makanisa 11 yaliyochongwa ndani ya mwamba. Kwanza ulizia hali ya usalama ya eneo la Amhara. Mji uko juu, kama mita 2,500, na mkesha ni wa usiku kucha, kwa hivyo mtu wa Pwani achukue sweta nzito. Viatu huvuliwa mlangoni. Soksi nene zitakuokoa na baridi ya jiwe. Vaa shuka nyeupe, netela. Asubuhi ya sikukuu makasisi huimba wakiwa wamejipanga juu ya ukingo wa mwamba unaozunguka kanisa la Bete Maryam, na wengine wakiwajibu kutoka chini. Ukichelewa, hutapata pa kusimama.

Mfungo hufunguliwa kwa doro wat. Kuku mmoja hukatwa vipande 12, akaoshwa kwa ndimu na chumvi. Vitunguu vyekundu ni vingi, kilo moja na nusu hivi, vilivyokatwa vidogo sana, navyo hupikwa vikavu kwa moto mdogo mpaka viive na kugeuka rangi. Ndipo huingia samli yenye viungo, kisha berbere (mchanganyiko wao wa pilipili na viungo), kisha kuku, na mwisho mayai ya kuchemsha. Ukitanguliza samli, vitunguu vitakaangika badala ya kuyeyuka, na mchuzi hautashika.

Wa Likoni

Shukran dada wa Tudor. Mimi nataja Ufilipino. Kuanzia tarehe 16 hadi 24 Desemba kuna Simbang Gabi, misa tisa za alfajiri, nyingine huanza saa tisa usiku. Nje ya kanisa huuzwa bibingka, na mpishi wa mkate wa sinia ataielewa mara moja, kwani nayo ni mchele na tui, makaa chini na makaa juu.

Kwa nyumbani: unga wa mchele vikombe 2, tui zito kikombe 1 na nusu, mayai 3, sukari robo tatu ya kikombe, beking poda vijiko vidogo 2. Jani la mgomba lipitishe motoni kwanza, likiwa bichi hupasuka ukilikunja na unga ukavuja. Makaa ya juu yawe machache, la sivyo uso utaungua na kati kubaki mbichi. Ikiiva, nyunyiza nazi iliyokunwa.

Wa Nyali

Poland karamu ni usiku wa tarehe 24, Wigilia, na huanza nyota ya kwanza ikionekana. Usile sana mchana, kwa sababu kuna vyakula 12 na adabu ni kuonja kila kimoja. Kabla ya kula, kila mtu hushika kipande cha opłatek, mkate mwembamba kama hostia. Unamega cha mwenzako, naye anamega chako, mkitakiana heri. Usikitafune peke yako. Nyama haipikwi, samaki ndio mfalme, kwa hiyo hata mgeni Mwislamu ana mengi ya kula. Sahani moja huachwa tupu kwa mgeni asiyetarajiwa. Usiketi hapo mpaka ukaribishwe.

Wa Mtwapa

Japani, kwa ufupi: tarehe 25 si sikukuu ya taifa, ofisi ziko wazi. Chakula ni kuku wa KFC, desturi iliyoenea baada ya tangazo lao la 1974, pamoja na keki nyeupe ya krimu na stroberi. Vyote viwekewe oda wiki kadhaa mapema, na ufike saa uliyoandikiwa. Mkesha foleni ni ndefu.

Wa Kizingo

Kaka wa Mtwapa, foleni nyingine iko Oaxaca, Mexico, kila tarehe 23 Desemba tangu 1897: mashindano ya sanamu zilizochongwa kwa figili. Figili hizo ni kubwa, hulimwa kwa ajili ya siku hiyo tu. Zikishakatwa hunyauka haraka, na wachongaji huzinyunyizia maji kila mara. Nenda mchana, kabla umati haujajaa uwanjani.