Tupeane uzoefu: kuuza na kununua kwa simu, nini kilikubeba na nini kilikuangusha?

Mama Vitenge

Habari zenu wana jukwaa. Nina mwaka wa sita nauza vitenge Morogoro, na miaka minne kati ya hiyo sina fremu. Kodi ilipopanda nilimrudishia mwenye fremu ufunguo wake, nikabaki na kabati moja sebuleni, simu, na namba za wateja 180. Stetasi ya WhatsApp ndiyo imekuwa mlango wangu. Asubuhi nabandika mzigo, baada ya saa 24 unafutika wenyewe, nabandika mwingine.

Mwaka jana nikashauriwa nilipie tangazo Instagram. Nikatoa 50,000 kwa siku kumi. Nilipata vipendo zaidi ya 900, na watu kama sabini wakaja kuuliza bei. Walionunua ni wawili. Mwezi huohuo fundi mmoja wa Msamvu alishona gauni kwa kitenge alichonunua kwangu, akaliweka kwenye stetasi yake na kuandika amekitoa wapi. Ndani ya wiki nikapata wateja kumi na mmoja, na saba kati yao bado wananunua mpaka leo. Fundi yule sikumlipa hata shilingi.

Tangu hapo nawaza sana. Kila siku tunaambiwa posti video fupi, lipia tangazo, ongeza wafuasi. Mimi nataka kusikia kwenu mnaoishi na jambo hili: mteja anayerudi alikuja kwa njia gani? Na aliyepoteza hela asione aibu kusema, maana hasara yako inaweza kumwokoa mwenzako.

Winga wa Kariakoo

Mama, shikamoo. Kwa wa mikoani ambao hawajui: winga hana duka wala mzigo. Napita madukani asubuhi, napiga picha, naposti bei ya duka na cha juu changu, yaani faida yangu. Oda ikiingia nakimbia dukani, nachukua, nafunga, natuma. Kila ninachokula kinatoka kwenye simu, na hata huyo mwenye duka ananitegemea, kwa kuwa mteja wa Songea au Bariadi hajui hata mtaa wa duka lenyewe.

Hasara yangu kubwa haikuletwa na tapeli. Tarehe 4 Oktoba 2021, Jumatatu, kuanzia saa moja kasoro jioni, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa sababu ziko chini ya kampuni moja. Zilirudi usiku wa manane, kama saa sita baadaye. Mimi nilikuwa na raba pea tisa zimeshafungwa, zinatakiwa ziwe stendi ya Mbezi kabla ya mabasi ya alfajiri. Majina ya wateja, namba za simu na miji waliyopo, vyote viko ndani ya chati ambazo hazifunguki. Pea nne nilizikumbuka kichwani. Tano zikalala, na wateja wawili wakadai hela yao. Niliwarudishia.

Siku iliyofuata nilinunua daftari la kaunta. Oda haiwi oda mpaka iandikwe mle: jina, namba, mkoa, basi, kiasi alicholipa. Sasa nina madaftari matano, na mtaji wangu hasa umo humo kuliko kwenye ile akaunti yenye wafuasi elfu kumi na mbili.

Mteja wa Dodoma

Mimi sijawahi kuuza, nazungumza kama mnunuzi niliyeumia. Niliona kochi zuri sana Instagram. Akaunti ina wafuasi wengi, picha kali, na pale chini wameandika kama wote wanavyoandika: mikoani tunatuma kwa uaminifu. Nikatuma 350,000 ya kuanzia. Jioni nikapigiwa nikaambiwa gari la mzigo limekamatwa, niongeze 80,000. Nikaongeza! Asubuhi nimeshazuiwa, namba haipatikani. Ile hela ilikuwa ya mchezo wa kina mama ambao mke wangu alisubiri zamu yake miezi minane. Nilichoumia zaidi ni uso wake siku ile.

Kijana mmoja ofisini ndiye aliyenionyesha nilichotakiwa kuangalia kabla. Kwanza, komenti za ile akaunti zilikuwa zimefungwa kwenye kila picha. Muuzaji wa kweli anataka watu waulize hadharani. Pili, kwenye Instagram ukigusa vile vidoti vitatu vya wasifu kuna sehemu ya habari za akaunti, inayoonyesha ilifunguliwa lini, na nyingi zinaonyesha kama imewahi kubadilishwa jina. Ile ilikuwa imebadilishwa mara nne. Zamani ilikuwa ya vichekesho, ndiyo maana ina wafuasi wengi. Tatu, namba ya kulipia ilikuwa ya mtu binafsi, na jina lililotokea kabla sijaweka namba ya siri halikufanana kabisa na jina la duka. Lile jina nililisoma kwa macho yangu, nikaendelea tu.

Namba za matapeli, kwa Tanzania, TCRA, ile mamlaka ya mawasiliano, inapokea taarifa kwa ujumbe mfupi kwenda 15040. Na ukipiga *106# unaweza kuona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA, usije ukakuta kuna mtu anatapeli kwa jina lako. Hela yangu haikurudi, lakini niliripoti.

Mama Vitenge

Pole sana kaka. Hilo la jina kutofanana nimeliona hata upande wa muuzaji. Wateja wapya walikuwa wananiuliza mara mbilimbili "jina litakuja nani?" Nilipochukua lipa namba yenye jina la biashara, maswali yalikwisha, na wengi wakaacha kusema "nitakupigia". Kumbe walikuwa wanaogopa.

Binti wa Mkunazini

Assalaam alaykum. Mie niko Unguja, nnauza udi wa kupika na mafukizo. Karafuu siuzi, hiyo ni ya ZSTC, shirika la biashara la serikali. Sasa fikirini mtihani wangu: kila mtu anaambiwa biashara ya simu ni picha na video. Udi picha yake ni nini? Ni vidonge vyeusi ndani ya kopo. Harufu haiposteki.

Mwanzo nilihangaika na picha za chetezo na moshi, maua ya asumini pembeni. Watu wanasifu tu. Siku moja mteja wangu wa Maskati, mama mtu mzima, akanambia: "Mwanangu, mie picha sizioni vizuri. Nieleze umetia nini." Nikashika simu nikamrikodia sauti, dakika mbili nzima: sukari nimeiacha iive kiasi gani, miski ya aina gani, zafarani nimetia au sikutia, ukiuchoma mwanzo unapata nini na ukikaa kwenye nguo asubuhi unabakia na nini. Akaagiza makopo sita. Halafu ile sauti akaipeleka kwenye grupu la familia yao, na familia za huko mnazijua zilivyo, wengine wako Maskati, wengine Dubai, wengine London. Kabla ya Idi nilikuwa na oda ambazo sijapata kuziona.

Tangu hapo kila kopo lina sauti yake. Nnamrikodia mteja kwa jina lake na shughuli yake: huu wa harusi, huu wa kuvalia ijumaa, huu wa mtoto mchanga si mkali. Wanaonunua wanazihifadhi zile sauti. Mmoja alinambia akiisikiliza anamkumbuka bibi yake akieleza udi barazani. Sikulipia tangazo mpaka leo.

Kutuma ndiyo kazi. Nnatafuta msafiri nnayemjua, au mtu wake anapita kuchukua mwenyewe. Hela hutumiwa kwa ndugu aliyeko hapa, ndugu ananiletea mkononi.

Kongowea Mitumba

Salamu kutoka Mombasa. Mimi ni wa nguo za mtumba, nafungua robota laivu kwenye TikTok. Wateja wanaona nikikata kamba, wanaona gredi ya kwanza na ile mbovu, wanapigania nguo papo hapo kwa kuandika namba yake. Hiyo imenisaidia kuliko picha, kwa sababu hakuna anayeweza kusema nimemficha kitu. Hata ile yenye doa namuonyesha doa.

Lakini niwatahadharishe Wakenya wenzangu. Wakati napokea pesa kwa namba yangu ya kawaida, kuna jamaa alinunua jaketi tatu, akalipa, nikaona ujumbe, nikampa mtu wake mzigo. Hajafika hata Buxton, akaomba pesa irudishwe kwa kutuma ule ujumbe wa M-Pesa kwa 456, namba ya kurudishiwa pesa, akidai alikosea namba. Ile huduma ni nzuri kwa aliyekosea kweli, ila yeye aliigeuza silaha. Nilisumbuka siku nne. Sasa napokea kwa till pekee, yaani namba ya kulipia ya biashara, na salio nalithibitisha kwenye simu yangu mwenyewe. Skrinishoti ya mteja siitazami kabisa, hata akiwa rafiki.

Dereva wa Bodaboda

Naomba na mimi nichangie, kwa sababu nyote mnatupigia simu sisi mwishoni. Nabeba mizigo kutoka Kariakoo kwenda Mbagala, Chanika, mpaka Bunju. Muuzaji anaposti "tunakuletea hadi mlangoni", lakini mlango huo naufikia mimi.

Mteja anatuma lokesheni akiwa kazini, sio nyumbani. Au anasema "ukifika kwenye kanisa piga," napiga mara kumi hapokei. Kwa utaratibu wa kulipa mzigo ukifika, akikataa mimi nimechoma mafuta kwenda na kurudi, na wauzaji wengine wanasema hawanidai wala siwadai. Ndugu wauzaji, hata kama mzigo mteja atalipia akiupokea, chukueni nauli ya boda kwanza. Anayekataa kutoa elfu tano mapema ndiye huyohuyo atakayezima simu. Winga mmoja alianza hivyo na safari za bure zimepungua sana kwangu.

Na kitu kingine: mteja akiona mzigo umefika mchafu au umelowa, anamkumbuka muuzaji vibaya, hanikumbuki mimi. Nunueni mifuko mizuri.

Mchele wa Kyela

Nimesoma yote kwa makini. Mimi natuma mchele Dar na Arusha kutoka huku Kyela. Shida yetu ni sifa kuharibiwa, mchele wa kila mahali unaitwa wa Kyela. Kwa hiyo video zangu zinaanzia shambani, naonyesha ukivunwa, ukikobolewa, mpaka mama watoto anapika.

Tarehe 12 Mei 2024, Jumapili, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ikazorota Tanzania na nchi za jirani kwa siku kadhaa. Kuna magunia yamepakiwa, lori linasubiri uhakika wa oda, video haipandi, WhatsApp inazunguka tu. Nikafungua daftari (winga, hapo tumekutana), nikapiga simu za kawaida, mmoja baada ya mwingine, watu arobaini na mbili. Wengine sikuwahi kusikia sauti zao miaka mitatu! Mmoja akanieleza mumewe alifariki mwaka uliopita, nami nilikuwa namtumia matangazo ya gunia kila wiki bila kujua. Niliona aibu kubwa. Lori liliondoka limejaa. Sasa kila mwisho wa mwezi napiga simu kumi za salamu tu, sitaji mchele.

Keki za Mbezi

Mimi sijatapeliwa wala mtandao haujaniangusha. Kilichoniumiza ni muda. Wateja wa keki wanaandika saa tano usiku, saa saba, na ukichelewa kujibu wameshaenda kwa mwingine. Nilikuwa najibu huku nanyonyesha. Mwanangu mkubwa, darasa la tatu, alichora familia shuleni, mimi nikawa nimeshika simu kwenye mchoro. Wengine wote mikono iko wazi.

Nikahamia WhatsApp ya biashara, ina ujumbe unaojijibu wenyewe. Nimeandika: "Najibu kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku. Bei na saizi ziko kwenye katalogi." Na katalogi kweli nimeweka bei, sio njoo inbox. Wiki ya kwanza niliogopa. Oda zilipungua kidogo, zikarudi. Maswali ya bei ndiyo yaliyopungua moja kwa moja, wanaoandika sasa wengi wameshaamua.

Mama Vitenge

Da Keki, la bei umenigusa. Wale sabini wa tangazo langu wote waliuliza bei, na mimi nilikuwa nimeificha makusudi ili waje inbox. Nilijibu nusu yao kesho yake. Leo usiku nazipiga picha upya, kila kitenge na bei yake, na zile namba 180 nazihamishia kwenye daftari kabla sijalala.

Binti wa Mkunazini, mdogo wangu anaolewa mwezi ujao. Nahitaji udi wa harusi makopo mawili, na mwingine usio mkali wa mama, ana pumu kidogo.

Binti wa Mkunazini

Hongereni. Wa harusi upo. Kwa mama mwenye pumu sitakuuzia udi, moshi ni moshi. Ntamtilia mafuta ya asumini ya kupaka nguoni, na hayo nayo ajaribu tone moja kwanza. Nnakurikodia sasa hivi, uusikilize kwanza wa bibi harusi kabla hujalipa.