Naombeni ushauri: kunyoa farasi bila kuacha mistari

Mpanda Ngazi: Wakuu, habari za leo. Niko Usa River, Arusha, natunza farasi wa bosi. Mmoja ana manyoya marefu balaa, na joto hili la Februari analowa jasho hata akiwa kivulini. Bosi anarudi Jumamosi, nataka amkute amenyolewa vizuri mwili mzima. Shida ni kwamba mashine inaacha mistari, halafu nikifika kwapani anakuwa mbishi. Nifanyeje?

Fundi Makasi: Mistari huletwa na meno butu, manyoya machafu au mkono wenye haraka. Mwoshe leo, mnyoe kesho akiwa mkavu kabisa, maana vumbi na mafuta ya ngozi huua meno kabla hujamaliza shingo. Lalisha mashine, usiisimamishe, uende kinyume na manyoya yalivyolala. Mpito mrefu, na kila mpya upande kidogo juu ya uliotangulia. Pale ubavuni karibu na paja manyoya huzunguka kama kisogo cha mtoto, kwa hiyo geuza mkono uyafuate. Kila dakika 5 hadi 10 zima, piga brashi, tia mafuta mepesi, kisha gusisha meno nyuma ya kiganja chako. Yakikuunguza wewe, yanamuunguza na yeye, ndiyo maana anacheza. Kwapani ngozi ina mikunjo: mtu wa pili anainua mguu wa mbele na kuuvuta mbele taratibu, ngozi inanyooka, unapita.

Babu Kinyozi: Muulize kwanza anataka panki au denge 😂

Mama Tandiko: Cheka tu Babu. Mnyama wa watu unamnyoaje mwenyewe hayupo? Na ndevu za mdomoni na za kuzunguka macho usiguse, ndizo anazopapasia. Kwenye mashindano ya FEI, shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, tangu Julai 1, 2021 farasi aliyenyolewa hizo haruhusiwi kushindana.

Mpanda Ngazi: Hashindani huyu mama. Fundi, mguu ndio tatizo, hakubali kuuinua.

Fundi Makasi: Mashine gani hiyo?

Mpanda Ngazi: Ya kawaida tu.

Fundi Makasi: Ya kawaida ya nani?

Mpanda Ngazi: Ya saluni, nimeazima. Lakini jamani upande wa kushoto nimeshaumaliza, ni mistari tu na vidonda viwili vidogo. Siwezi kumwacha nusu nusu. Nilikaza skrubu mpaka mwisho ili ikate vizuri.

Babu Kinyozi: Rudisha mashine ya watu! Mota yake ni ya kichwa kimoja, si ng'ombe mzima. Na ukikaza mpaka mwisho, jino la juu linasagana na la chini, moto lazima.

Fundi Makasi: Mashine nyingi za farasi unakaza mpaka skrubu igome, halafu unalegeza mzunguko mmoja na nusu. Fuata karatasi ya mashine yako. Hiyo ya saluni acha.

Jembe Butu: Mpige sindano ya usingizi umalize kazi.

Mama Tandiko: Sindano ni ya daktari wa mifugo. Na aliyetulizwa bado anapiga teke, tena bila kukuonya.

Mzee wa Ushahidi: Hii ni chai. Farasi hufuga manyoya siku zikiwa fupi. London mwezi Desemba mchana huwa na urefu wa kama saa 8, ndiyo maana huko wananyoa kuanzia Oktoba. Usa River mchana una urefu wa kama saa 12 mwaka mzima, na sasa ni Februari. Manyoya marefu yametoka wapi? Weka picha.

Jembe Butu: Chai ya rangi kabisa. Nilishangaa toka mwanzo.

Mpanda Ngazi: Sina sababu ya kudanganya. Wenzake wote wana manyoya mafupi, ni yeye tu.

Kwato Nne: Mzee kauliza swali la maana ingawa jibu kakosea. Mpanda Ngazi, ana umri gani? Maji anakunywa vipi?

Mpanda Ngazi: Ana miaka 23. Maji ndoo hazimtoshi, na zizi linalowa mkojo kila asubuhi. Sikuona kama inahusu kunyoa.

Kwato Nne: Inahusu. Mzee, manyoya marefu yaliyojikunja ambayo hayapukutiki, kiu na mkojo mwingi kwa farasi wa umri huo: hiyo ni dalili ya ugonjwa wa Cushing, unaotokana na tezi iliyo chini ya ubongo. Daktari hupima homoni ya ACTH kwenye damu, na dawa ni pergolide kila siku. Kumnyoa kunampunguzia joto, ila vidonda vyake hupona polepole na kuoza haraka, hivyo vioshe kwa maji ya chumvi leo. Tatizo ni mguu. Farasi hawa hupata uvimbe ndani ya kwato. Ukiinua mguu mmoja, uzito wote unaangukia mwingine unaouma. Akisimama anaegemea nyuma?

Mpanda Ngazi: Ndiyo, toka juzi. Nikajua uvivu.

Kwato Nne: Shika nyuma ya kifundo, juu kidogo ya kwato, pande zote mbili. Kwa mzima, mapigo hayasikiki kirahisi.

Mpanda Ngazi: Yanadunda kama ngoma. Yote miwili ya mbele.

Kwato Nne: Usimtembeze. Jaza maranda zizini yawe mazito, ondoa pumba na mahindi, kwato zote za mbele zikae kwenye maji ya barafu. Mpigie daktari sasa hivi, kisha bosi.

Mpanda Ngazi: Daktari anakuja saa kumi. Na ule upande wa kulia?

Fundi Makasi: Akae nao hivyo hivyo.